Kabla ya Kufuta, Nani Amesoma?

Julai 2022, wiki chache kabla ya uchaguzi mkuu wa Kenya, shirika la Global Witness likishirikiana na mawakili wa Foxglove liliipima Facebook kwa njia rahisi sana. Waliandaa matangazo ya kulipia yenye chuki isiyojificha, yanayofananisha watu wa makabila fulani na wanyama na kutaka wachinjwe, mengine kwa Kiswahili na mengine kwa Kiingereza. Walipanga kuyaondoa kabla mwananchi yeyote hajayaona. Walichotaka kujua ni kama yangeidhinishwa. Ya Kiswahili yalipita moja kwa moja. Ya Kiingereza yalirudishwa kwanza, sababu ikiwa sarufi na lugha chafu. Wakasahihisha sarufi, wakaondoa matusi, wito wa kuua wakauacha ulivyokuwa. Nayo yakapita.

NCIC, tume yetu ya uwiano na utangamano, ikaipa kampuni hiyo siku saba ijirekebishe la sivyo isimamishwe. Mawaziri Joe Mucheru na Fred Matiang'i wakajitokeza upesi kuwahakikishia Wakenya kwamba hakuna mtandao utakaofungwa. Kwa siku kadhaa tukabishana: ifungwe, isifungwe. Mimi nilikuwa upande wa isifungwe, na nipo hapo hadi leo. Lakini kuna swali moja ambalo sikulisikia redioni wala kwenye matatu, nalo ndilo linaloninyima usingizi tangu wakati huo. Yale matangazo ya Kiswahili, nani aliyasoma? Kama ni mtu, alipewa muda gani? Kama ni mashine, nani aliifunza Kiswahili, na ni Kiswahili cha wapi?

Nauliza kwa sababu kusoma maneno ya watu polepole ndiyo kazi inayonilisha. Mimi ni mfasiri. Mawakili huniletea rekodi za sauti na video niziandike neno kwa neno kisha nizifasiri, na baadhi zimekuwa za kesi za matamshi ya chuki. Kipande cha dakika mbili cha mkutano wa kisiasa kinaweza kumaliza asubuhi yangu yote. Mara ya kwanza nasikiliza tu, sishiki kalamu. Mara ya pili naandika kila kinachosikika: msemaji, mtu aliyedakia pembeni, umati ulipopiga makofi na uliponyamaza, wimbo ulioanzishwa na nani. Mahali upepo umefunika maneno naandika kwamba hapasikiki, na sikisii. Halafu wakili anarudi: hapa amesema "waondolewe" au "waondoke"? Narudia sekunde hizo nne mara nyingi nikiwa nimefunga macho na vidole vikishikilia vipokea sauti masikioni. Kati ya maneno hayo mawili kuna miaka ya kifungo cha mtu.

Hapo bado kesi haijaanza. Kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi kinataka cheti kinachoeleza rekodi ya kielektroniki ilipatikana vipi na kwa chombo gani. Kisha wakili wa upande wa pili anakuhoji. Wewe ni mtu wa wapi? Umewahi kuishi Bonde la Ufa? Unajuaje kwamba neno hili pale Molo linaeleweka hivyo? Maswali hayo yanachosha, na yamewahi kunitoa jasho. Lakini ni maswali halali. Mshtakiwa akiachiliwa watu hulalamika kwamba sheria haina meno, na mara nyingine nalalamika nao moyoni, maana nimeyasikia aliyoyasema. Ila hakuna anayeweza kudai kwamba mtu huyo alihukumiwa kabla ya kusikilizwa.

Chukua neno "madoadoa". Fundi wa nguo wa Kenyatta Market analitaja mara kumi kwa siku akielezea kitambaa. Januari 2022 aliyekuwa Seneta wa Meru, Mithika Linturi, alilitaja jukwaani Eldoret, akakamatwa, kisha akaomba radhi. Kila aliyekuwa hai katika Bonde la Ufa mwaka 1992 au 2007 alijua kwa nini polisi walihangaika: nyakati za vurugu hizo neno hilo lilitumika kuwataja watu wa makabila mengine waliotakiwa kuondolewa. Baadaye mwaka huo NCIC ililiweka kwenye orodha ya maneno ya kutiliwa shaka. Orodha ni msaada kwa mtu anayejua historia. Ukiipa mashine peke yake, itamfungia fundi tangazo lake la kitenge na itampita mchochezi aliyebuni neno jipya jana usiku. Na wachochezi hubuni, tena upesi.

Sisemi hayo kama mtu anayeona maneno ni upepo. Nilikuwa Nairobi Januari 2008, katika vurugu zilizofuata uchaguzi mkuu. Wakati huo hapakuwa na simu za kisasa mikononi mwa kila mtu. Palikuwa na ujumbe mfupi na redio. Ujumbe ulipita kutoka simu hadi simu ukitaja mtaa, kabila, na usiku wenyewe. Jirani alikuja mlangoni kutuonyesha mmoja, na mama alipomaliza kuusoma aliinuka akaanza kukusanya vitambulisho na vyeti vyetu akavitia kwenye mfuko wa plastiki. Tume ya Jaji Waki, iliyoundwa kuzichunguza, ilihesabu watu 1,133 waliouawa katika vurugu zile. Anayeniambia leo kwamba chuki iachwe ienee kwa sababu ukweli utashinda wenyewe, namsikiliza kwa adabu, lakini sina la kumkubalia.

Katika siku hizo hizo serikali ilifikiria kuzima huduma ya ujumbe mfupi nchini. Michael Joseph, aliyekuwa mkuu wa Safaricom, aliwashawishi wasizime, na badala yake wateja wakatumiwa ujumbe wa kuhimiza amani. Mwezi uleule Ory Okolloh na wenzake wakaanzisha Ushahidi, tovuti iliyochukua taarifa za wananchi kuhusu yaliyotokea mitaani mwao na kuziweka kwenye ramani. Huduma ingezimwa, taarifa nyingi za aina hiyo zingekosa njia ya kutoka. Kila waziri anapopendekeza kufunga mtandao huwa naukumbuka uamuzi huo.

Katiba yetu imelifikiria jambo hili vizuri kuliko wengi tunavyodhani. Kifungu cha 33 kinatupa uhuru wa kujieleza, na papo hapo kinataja mambo ambayo uhuru huo hauyakingi: propaganda ya vita, kuchochea vurugu, matamshi ya chuki na kueneza chuki. Mipaka ipo, nayo ni myembamba. Shida ni kwamba walio madarakani hawajawahi kutosheka nayo.

Kwa miaka kadhaa walitegemea kifungu cha 29 cha Sheria ya Habari na Mawasiliano, kilichomfanya mtu kuwa mhalifu kwa kutuma jambo la "kuudhi" kwa njia ya simu au kompyuta. Wanablogu walibebwa mmoja mmoja kwa kifungu hicho hadi Aprili 2016, Jaji Mumbi Ngugi alipokifuta akisema hakieleweki mipaka yake. Februari 2017 Mahakama Kuu ikafuta pia kosa la jinai la kumchafulia mtu jina, kifungu cha 194 cha Kanuni ya Adhabu. Tukapumua. Mei 2018 ikaja Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mitandaoni, yenye kosa la kuchapisha habari za uongo na faini ya hadi shilingi milioni 5. Kifungu chake cha 23 kiliweka kifungo cha hadi miaka kumi. Vipengele 26 vilisimamishwa mwezi huohuo, na Februari 2020 Mahakama Kuu ikavirudisha. Oktoba 2025 Rais Ruto akatia saini marekebisho yanayoipa kamati ya serikali uwezo wa kuagiza tovuti au programu ifungwe, na wiki moja baadaye mahakama ikasimamisha baadhi ya vipengele vyake.

Na kuna yanayotendeka bila sheria yoyote. Juni 2025 Albert Ojwang, mwalimu na mwanablogu wa miaka 31, alikamatwa kwao Homa Bay kwa madai ya chapisho kwenye X kumhusu Naibu Inspekta Jenerali wa Polisi. Alisafirishwa hadi Nairobi akiwa mzima. Alifia mikononi mwa polisi, katika Kituo cha Central. Polisi walisema alijigonga kichwa ukutani. Uchunguzi wa maiti ukaonyesha majeraha ya kichwa na shingo iliyokabwa, mambo ambayo mtu hawezi kujitendea. Chapisho moja, na baba akampoteza mwanawe. Ndiyo maana mtu akiniambia serikali ndiyo ikabidhiwe kalamu ya kufuta, mwili wangu wote unakataa.

Basi tuwaachie kampuni zenyewe? Hapa nitaeleza kwa kirefu, kwa sababu kazi hiyo ya kufuta imefanywa hapa hapa Nairobi, Mombasa Road, na wengi wetu tulipita nje ya majengo hayo kila siku tukienda uwanja wa ndege au Mlolongo bila kujua kilichokuwa kikifanyika ndani.

Miaka michache iliyopita tuliishi ploti moja Embakasi na kijana aliyekuwa msimamizi wa maudhui, yaani mtu wa kupitia machapisho ya mitandao na kuamua yapi yafutwe. Kampuni iliyomwajiri sitaitaja. Alipoajiriwa aliamini anaenda kupokea simu za wateja. Alikuwa akirudi asubuhi wakati watoto wetu wanasubiri basi la shule, na alikuwa kijana wa kusalimia kila mtu: shikamoo kwa mzee wa lango, utani kidogo na watoto. Baada ya miezi kadhaa salamu zilikatika. Siku moja tulikuwa foleni moja kwa muuza mahamri, akaniambia, "Anti, mimi siku hizi siwezi kupita pale kwa bucha. Nazunguka kule nyuma." Sikumwuliza zaidi. Kwa muda wa wiki nyingi, kidogo kidogo, alinieleza mwenyewe.

Video zilikuwa zinaingia kwenye foleni, moja ikiisha nyingine imeshafunguka. Alikuwa na chaguo la kuacha, kufuta, au kupeleka kwa mkubwa. Muda wa kila moja ulihesabiwa, na ulitakiwa uwe chini ya dakika. Kisha mtu mwingine alipitia sampuli ya maamuzi yake, na wasipolingana, alama za kijana zilishuka. "Ukisita unahesabiwa, Anti. Ukikosea unahesabiwa. Sasa mtu anajifunza kutosita." Foleni yake iliitwa ya Kiswahili, kwa hiyo iliingiwa na Kiswahili cha Lamu, cha Kariakoo, cha Goma na cha Eastleigh, na yeye ni mtoto wa Kakamega aliyelelewa Kayole. Goma ilimsumbua zaidi. Kulikuwa na vita, watu wakipiga kelele, na nusu ya maneno yalikuwa Kilingala.

Halafu akanieleza jambo ambalo mimi, kwa kazi yangu, sijaweza kulisahau. Alizima sauti. Wenzake waliomtangulia ndio walimfunza, kwa upendo kabisa, ili asiharibikiwe na akili. Geuza rangi iwe nyeusi na nyeupe, tazama picha ndogo ndogo badala ya video nzima, na zima sauti, kwa sababu kinachomwandama mtu usiku ni kile kilio. Alinionyesha kwa simu yake alivyokuwa akifanya, kidole gumba kikiwa juu ya kitufe cha sauti, macho yakiwa kwenye pembe ya skrini. Nilimwelewa. Ningekuwa yeye ningefanya hivyo hivyo. Lakini fikiria maana yake kwetu. Mtu pekee anayejua lugha, aliyewekwa pale asikilize maneno yetu aamue kama ni ushahidi, ni uchochezi, ni mahubiri au ni mzaha, analazimika kuziba masikio ili awe mzima kesho. Mimi dakika mbili zinanichukua asubuhi nzima, nikiwa na chai kando na ruhusa ya kuandika "hapasikiki". Yeye hakuwa na hata ruhusa ya kusema sijui.

Yaliyompata hayakumpata peke yake, na sehemu kubwa iko kwenye kumbukumbu za mahakama. Februari 2022 jarida la Time lilichapisha habari za wasimamizi wa Facebook walioajiriwa hapa Nairobi na Sama, kampuni iliyopewa kandarasi ya kazi hiyo, baadhi yao wakilipwa takriban dola 1.50 kwa saa. Mei mwaka huo Daniel Motaung, Mwafrika Kusini aliyefutwa kazi baada ya kuongoza wenzake kudai haki zao, aliishtaki Sama pamoja na Meta, kampuni inayomiliki Facebook. Januari 2023 Sama ikatangaza inaachana na kazi hiyo, na wafanyakazi kama 260 wakaambiwa waondoke. Kati yao 184 wakaenda mahakamani. Meta ilijitetea kwamba haina ofisi Kenya na haiwezi kushtakiwa hapa. Jaji Jacob Gakeri alikataa hoja hiyo Februari 2023, na Mahakama ya Rufaa ikaikataa tena Septemba 2024. Desemba 2024 ikafichuka kwamba daktari mkuu wa afya ya akili wa Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta, Dkt. Ian Kanyanya, aliwapima wasimamizi zaidi ya 140 akawakuta na maradhi ya akili yanayotokana na kiwewe. Hao ndio waliokuwa wakiamua tuseme nini, sisi na jirani zetu wa Ethiopia, Somalia, Uganda na kwingineko.

Gharama ya kukosa mtu wa kusikiliza imelipwa kwa damu. Profesa Meareg Amare, mwalimu wa kemia katika Chuo Kikuu cha Bahir Dar nchini Ethiopia, aliandikwa kwenye Facebook mwaka 2021 kwamba ni msaidizi wa waasi, pamoja na jina lake, picha na mahali anapoishi. Novemba 3 alipigwa risasi nje ya nyumba yake. Kwa mujibu wa kesi aliyofungua mwanawe, Abrham Meareg, familia iliripoti machapisho hayo tena na tena, na kampuni ilimjibu kwamba moja lilikiuka kanuni siku nane baada ya baba yake kuuawa. Kesi hiyo ililetwa Nairobi kwa sababu machapisho ya Ethiopia yalikuwa yakisimamiwa kutoka hapa, na Aprili 2025 Mahakama Kuu ikasema ina mamlaka ya kuisikiliza. Ninapoona mtu akiandika kwamba usimamizi wa maudhui ni udhibiti tu, natamani aisome kesi hii hadi mwisho.

Upande wa pili nao una majeraha yake. Juni 25, 2024, siku ya maandamano ya Mswada wa Fedha, binamu yangu alikuwa karibu na Bunge. Mamlaka ya Mawasiliano ilikuwa imetoa taarifa jana yake kwamba haina nia ya kuzima intaneti. Mchana intaneti ikadorora nchi nzima, na kampuni za simu zikasema ni hitilafu ya nyaya za chini ya bahari. Binamu yangu alirekodi kijana aliyeanguka, wenzake wakimbeba kwa bendera, na sauti ya mtu akitaja rangi ya gari ambalo risasi ilitoka kwake. Alirekodi ndani ya programu yenyewe ya mtandao mmoja. Mtandao uliporudi, video ikapanda. Usiku wa manane ilikuwa imeondolewa kwa kosa la maudhui ya vurugu. Alikata rufaa. Jibu lilirudi kabla hajaweka simu chini: uamuzi umethibitishwa. Hakuna binadamu anayeweza kusikiliza dakika tatu kwa sekunde chache. Na kwa kuwa hakuwa amehifadhi nakala kwenye simu, ile sauti inayotaja gari haipo tena popote tunapoweza kuifikia.

Mwaka uliofuata, Aprili 2025, BBC Africa Eye walitoa uchunguzi uliotambua maafisa waliofyatua risasi Bungeni siku ile, na waliutegemeza kwa maelfu ya picha na video za watu wa kawaida. Kwa hiyo nawaomba wote wanaorekodi: tumieni kamera ya simu kwanza, ndipo mpakie. Nakala asili isifutwe, isikatwe, isipunguzwe, na msitegemee ile iliyopita WhatsApp, kwa sababu hupoteza taarifa za lini na wapi. Andikeni siku hiyohiyo mlikuwa mmesimama wapi. Atakayeketi kuifasiri miaka mitatu baadaye atawashukuru.

Najua damu haipaswi kumrukia mtoto wa darasa la nne anayetafuta katuni. Video kama ile iwekewe pazia na onyo, izuiwe kwa watoto, isipendekezwe kwa asiyeitafuta. Hayo yote yanawezekana kiufundi. Kilichofanyika ni kuitupa, na aliyeitupa, kama alikuwa mtu, huenda hakuisikia.

Wanasiasa wetu wakiambiwa haya hukimbilia takwimu. Agosti 2023 Bunge lilipokea ombi la mwananchi la kupiga TikTok marufuku. Rais akazungumza na mkuu wa kampuni hiyo, Shou Zi Chew, na ahadi za kusimamia maudhui vizuri zaidi zikatolewa. Baadaye TikTok ikatangaza kwamba katika robo ya pili ya 2024 iliondoa video za Kenya zaidi ya 360,000. Viongozi wakafurahia nambari. Robo hiyo, kumbuka, ndiyo yenye mwezi wa Juni wa maandamano. Ngapi kati ya hizo zilikuwa uchi na utapeli, na ngapi zilikuwa kijana amelala barabarani? Ngapi ziliombwa na serikali moja kwa moja? Ngapi zilikuwa za Kiswahili, Kikuyu, Dholuo, Kisomali, na nani alizielewa? Nambari iliyotangazwa haituelezi.

Huwa naambiwa kwamba kampuni binafsi ina uhuru wa kufuta itakavyo. Kwa mujibu wa Kifungu cha 20, Sheria ya Haki inafunga vyombo vya serikali na watu wote, na katika Katiba hiyo "mtu" ni pamoja na kampuni. Kifungu cha 47 kinatupa haki ya kupewa sababu kwa maandishi uamuzi unapotuumiza. Naamini vifungu hivyo viwili vikisomwa pamoja vinatosha kuanzia. Ukifuta neno la Mkenya, mwambie ni sentensi ipi na kanuni ipi, kwa lugha aliyoiandikia. Akikata rufaa, ipokelewe na mtu anayejua lugha hiyo na mahali inapozungumzwa, na apewe muda wa kuwasha sauti. Kilichofutwa kikiwa kinaweza kuwa ushahidi wa mauaji, kihifadhiwe ili mahakama ikikihitaji ikipate. Serikali ikiagiza jambo liondolewe, agizo liwe na saini ya jaji na litangazwe. Kwenye hili la mwisho sina nafasi ya mapatano, baada ya Homa Bay.

Hayo yote yatahitaji watu wengi zaidi, wanaolipwa vizuri, wanaobadilishana zamu kabla hawajavunjika, wenye daktari wa kweli. Kampuni zitasema ni ghali. Ni ghali kweli. Mahakama nazo ni ghali, na hatujawahi kusema kwamba kwa sababu hiyo hakimu aamue kesi bila kusikiliza. Badala yake mambo yanaelekea kinyume: Januari 2025 Meta ilitangaza kuachana na mashirika huru yaliyokuwa yakiihakikia ukweli wa habari nchini Marekani, na sisi tunaotegemea mashirika kama Africa Check na PesaCheck, hii ya pili ikihakiki hata kwa Kiswahili, tunangoja kuona kama zamu yetu inafuata.

Kila Bunge linapoandaa sheria ya mitandao, wanaoitwa kutoa maoni ni kampuni, polisi, makanisa na sisi wa mashirika na taaluma. Sijasikia mwenyekiti wa kamati akisema tuwaite wasimamizi wa maudhui. Mei 1, 2023 zaidi ya 150 kati yao walikutana Nairobi wakapiga kura ya kuunda chama chao. Wanajua ni kanuni zipi zilizokuwa hazieleweki, ni lugha zipi zilizokosa msomaji, na ni mara ngapi walifuta kitu wakijua kinapaswa kubaki kwa sababu saa ilikuwa imekwisha. Jirani yangu alirudi Kakamega, ana duka la vipuri vya pikipiki, na nilipomuuliza kwa simu kama angekubali kuja kueleza mbele ya kamati, alitaka kujua kwanza kama nauli italipwa na kama jina lake litafichwa. Mengine, alisema, yuko tayari kuyasema yote.